Ukifunga kamera, umeanza kutunza taarifa za watu

Kamera za ulinzi zimekuwa bidhaa ya kawaida. Kariakoo zinauzwa kwa seti: kamera nne, waya, diski na mashine ya kurekodia ambayo mafundi wanaiita DVR. Mnunuzi huuliza bei, huuliza kama usiku picha zitaonekana, huuliza kama ataweza kuangalia dukani kwake kupitia simu akiwa safarini. Akikumbuka sheria, swali lake huwa moja tu: ninaruhusiwa kufunga? Jibu ni jepesi. Ndiyo, unaruhusiwa kulinda mali yako. Anaondoka ameridhika, na maswali yaliyobeba hatari yote yanabaki hayajaulizwa: picha zitakaa siku ngapi, nani atazitazama, nani atapewa nakala, na kwa ruhusa ya nani.

Msimamo wangu katika safu hii ni huu. Masharti ya ulinzi wa taarifa binafsi, ambayo wafanyabiashara wengi wanayaona kama mzigo mwingine wa serikali, ndiyo yanayoifanya kamera iwe na faida. Utaratibu unaomlinda mtu aliyerekodiwa ndio unaoifanya picha isimame mbele ya polisi, hakimu au kampuni ya bima. Anayeupuuza hupata hasara mara mbili: anajiweka kwenye hatari ya faini, na siku akiibiwa anakuta ushahidi wake haufai.

Tuanze na sheria yenyewe. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu, na ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafanya hivyo pia. Juu ya msingi huo Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data Na. 24 ya 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia sheria hiyo ya Tanzania ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Kenya ina Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Huhitaji kutafuta kifungu kinachozungumzia kamera peke yake, kwa sababu sheria hizi zinahusu taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu. Sura yake ni taarifa hiyo. Namba ya gari lake, saa aliyoingia zahanati na mtu aliyeingia naye gesti ni taarifa hizo pia. Kuanzia dakika kamera inapowashwa, mwenye duka anakuwa mkusanyaji wa taarifa binafsi, na kampuni ya ulinzi inayomwangalizia picha hizo inakuwa mchakataji. Majina hayo yana wajibu wake, hata kama mhusika hajawahi kuyasikia.

Wajibu wa kwanza ni kuwa na kusudi. Kifungu cha 22 cha sheria ya Tanzania kinataka taarifa zikusanywe kwa kusudi halali linalohusiana na shughuli za mkusanyaji, na ukusanyaji huo uwe wa lazima kwa kusudi hilo. Kifungu cha 23 kinataka mhusika ajue kusudi hilo. Wengi hudhani kusudi ni jambo la kuandika kwenye fomu kisha kulisahau, kumbe ndilo linaloamua mengine yote. Ukisema kamera ya kaunta ni ya kuzuia wizi wa fedha, basi ielekezwe kwenye droo ya fedha na mlango, na picha zitazamwe pale panapokuwa na upotevu. Meneja akianza kuitumia kuhesabu dakika ambazo mhudumu wa kike amekaa chooni, kusudi limebadilika bila mtu kuambiwa. Kampuni ya Kijerumani notebooksbilliger.de, inayouza kompyuta, ilikiona cha moto mwanzoni mwa 2021. Mamlaka ya ulinzi wa data ya jimbo la Niedersachsen iliitoza faini ya euro milioni 10.4 kwa kuwarekodi wafanyakazi wake kwa takriban miaka miwili bila msingi wa kisheria. Kampuni ilijitetea kwamba ilikuwa inazuia wizi. Mamlaka ikajibu kwamba hofu ya jumla haitoshi kumweka kila mfanyakazi chini ya kamera muda wote wa kazi. Panatakiwa tuhuma zenye msingi dhidi ya watu mahususi, na kwa muda mfupi. Katika shauri hilohilo ilionekana kwamba mara nyingi picha zilihifadhiwa kwa siku 60, muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Siku hizo 60 zinatuleta kwenye jambo ambalo mafundi wetu hawalizungumzi. Katika maduka mengi, muda wa kuhifadhi picha hauamuliwi na mwenye duka. Unaamuliwa na diski. Hesabu yake ni hii: kamera inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia karibu gigabaiti 0.9 kwa saa, yaani karibu gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 86 hivi kwa siku. Diski ya terabaiti 1 itajaa baada ya siku 11 au 12, kisha mashine itaanza kufuta picha za zamani ili kupata nafasi. Diski ya terabaiti 4 itafika siku 46. Fundi akipandisha ubora wa picha, siku zinapungua. Akiweka mashine irekodi pale tu kitu kinapotikisika, siku zinaongezeka na zinaweza kufika miezi. Kwa hiyo ukimuuliza mwenye duka anahifadhi picha kwa muda gani, jibu la kweli ni "mpaka diski ijae". Kisheria hilo si jibu, maana taarifa zinapaswa kukaa kwa muda unaohitajika na kusudi lake, si zaidi. Kibiashara nalo si jibu: anayegundua upotevu wa stoo siku ya 15 atakuta picha za siku ya kwanza zimekwisha kufutwa.

Muda unaofaa ni upi? Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data, katika mwongozo wake Na. 3/2019, inasema kadiri muda unavyozidi, hasa ukipita saa 72, ndivyo sababu inavyotakiwa kuwa nzito. Kwa biashara zetu naona saa 72 ni chache mno. Duka linalohesabu bidhaa mara moja kwa wiki, kila Jumatatu, haliwezi kujua ndani ya saa 72 kilichoibwa Jumanne. Ninachopendekeza ni kuufunga muda kwenye mzunguko wa biashara yenyewe. Anayehesabu kila wiki akae na picha siku 14. Anayehesabu kila mwezi asizidi siku 35 hivi. Nyumba ya kuishi isiyo na stoo wala wafanyakazi haina haja ya kupita wiki moja. Namba hizo hazimo kwenye sheria. Sheria inakutaka uwe na sababu ya namba uliyoichagua, na mzunguko wa hesabu ni sababu inayoeleweka na mkaguzi yeyote.

Kuna saa pia. Sheria zote mbili zinataka taarifa ziwe sahihi. Kwa kamera, usahihi huo unaanzia kwenye saa ya mashine. Betri ndogo ndani ya DVR ikiisha, umeme ukikatika saa hurudi nyuma, wakati mwingine miaka kadhaa, na hakuna anayegundua mpaka siku ya tukio. Wakili wa mshtakiwa hahitaji ujanja mwingi kuibomoa picha inayoonyesha mwaka ambao duka lilikuwa halijafunguliwa. Mahakamani, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 kinaielekeza mahakama kuangalia namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kama uadilifu wake ulilindwa. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kumbukumbu ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Atakayeweza kutia saini cheti hicho kwa ukweli ni yule anayejua mashine iko wapi, nani ana nenosiri, na nani alinakili nini siku gani. Kijana aliyeirekodi skrini kwa simu yake na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa hawezi.

Hapo ndipo pande mbili nilizozitaja zinapokutana. Daftari la nani alitazama na nani alichukua nakala linamlinda mteja asione sura yake ikizunguka mitandaoni, na daftari hilohilo linamwezesha mwenye duka kumwambia hakimu kwamba picha haijachezewa.

Dhana zinazopotosha

Dhana ya kwanza ni kwamba nyumbani kwangu nafanya nitakavyo. Kifungu cha 51 cha sheria ya Kenya kweli kinasamehe shughuli ambazo ni za mtu binafsi au za nyumbani tu, na msamaha wa namna hiyo upo katika nchi nyingi. Uzito uko kwenye neno "tu". Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri C-212/13 lililotoka Jamhuri ya Cheki. Mwenye nyumba alifunga kamera baada ya nyumba yake kushambuliwa mara kadhaa; kamera ikawanasa watu wawili waliotuhumiwa kuvunja dirisha, na picha zikapelekwa polisi. Mahakama ilisema kamera inayorekodi pia barabara ya umma haiwezi kuitwa shughuli ya nyumbani tu, ingawa haki ya mtu kulinda mali na familia yake inapaswa kuzingatiwa katika kupima kama alifanya kosa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake ni ya akili ya kawaida. Kamera ya geti lako inayochungulia ua wa jirani haikusanyi tena mambo yako tu. Sauti inazidi kulitia uzito suala hili. Mwaka 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, katika mgogoro wa majirani kuhusu kamera za nyumbani, iliona kurekodi sauti za watu walio mbali na mlango ni kuingilia faragha zaidi kuliko hata picha zenyewe. Kamera nyingi za Wi-Fi zinazouzwa kwetu zina maikrofoni iliyowashwa tangu kiwandani. Kwa ulinzi wa kawaida, izime.

Dhana ya pili: nimebandika tangazo, basi mteja amekubali. Tangazo ni lazima, lakini kazi yake ni kumpa mtu habari. Mteja anayehitaji dawa ya mtoto usiku hana uhuru wa kukataa kuingia duka la dawa lililo wazi peke yake mtaani, kwa hiyo tusijidanganye kwamba ametoa ridhaa. Msingi halali wa kamera nyingi ni haja ya kweli ya kulinda mali na watu, na haja hiyo hupimwa kwa uzani wa faragha inayoguswa. Ndiyo maana hakuna tangazo litakalohalalisha kamera kwenye choo, chumba cha kubadilishia nguo, chumba cha kulala wageni au chumba cha daktari. Kamera yenye programu ya kutambua sura iko ngazi nyingine kabisa, kwa sababu vipimo vya kibayometriki vinahesabiwa kuwa taarifa nyeti katika sheria zote mbili. Mwenye baa akiuziwa "kamera inayomjua mteja kwa jina", ajue amenunua mzigo wa kisheria tofauti na ule wa jirani yake mwenye kamera ya kawaida.

Dhana ya tatu: biashara yangu ni ndogo, hayo ni ya mabenki na kampuni za simu. Kenya inajibu hili waziwazi. Kanuni za usajili za 2021 zinawasamehe wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, lakini jedwali la tatu linataja shughuli zisizopata msamaha huo hata zikiwa ndogo kiasi gani. Mojawapo ni kuzuia uhalifu, ikiwamo kuendesha mifumo ya CCTV ya ulinzi. Shule, hospitali na wasimamizi wa nyumba za kupangisha wamo pia. Tanzania nayo inamtaka kila anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume. Wapo wanaosema kuzuia uhalifu ni miongoni mwa misamaha ya sheria, hivyo kamera ziko nje. Wanachanganya mambo mawili. Msamaha huo unasaidia tukio fulani lishughulikiwe, kwa mfano kumkabidhi mpelelezi picha za usiku wa wizi bila kumwomba mtuhumiwa ridhaa. Haumpi mtu kibali cha kurekodi wateja wake wote mwaka mzima bila kuwajibika kwa lolote.

Dhana ya nne ndiyo inayoniudhi zaidi: mwizi hana faragha. Picha ya mtu inakatwa kutoka kwenye DVR, inaandikwa "mwizi huyu, akionekana apigiwe simu namba fulani", na kabla ya jioni imefika makundi ya mikoa mitatu. Aliyeirusha hajui kama mtu huyo alichukua kitu kwa kukusudia, kama alikuwa ameshalipa, au kama ni mtu mwingine aliyevaa shati linalofanana. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inasema mshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, na katika mitaa ambako wananchi wenye hasira kali hawasubiri polisi, picha hiyo inaweza kumuua mtu. Kwa upande wa sheria ya data, mamlaka zimeshaonyesha zinavyoitazama picha iliyotolewa nje ya kusudi lake. Septemba 2023 Kamishna wa Kenya aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Picha hizo zilikuwa za matangazo, wala hazikumtuhumu mtu kwa lolote. Pima mwenyewe uzito wa picha inayomwita mtu mwizi. Tanzania, kufichua taarifa binafsi kinyume cha sheria ni kosa la jinai: mtu binafsi anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili, na kampuni faini yake inaweza kufika shilingi bilioni 5.

La kufanya

Kwa mwenye kamera, kazi yote inaingia kwenye karatasi moja na mchana mmoja wa fundi. Kwenye karatasi aandike kila kamera inalinda nini, picha zinakaa siku ngapi na kwa nini, watu gani wawili au watatu wanaoruhusiwa kutazama, na nani anayeidhinisha nakala. Karatasi hiyo ndiyo atakayoitumia kwenye usajili, ndiyo atakayomwonyesha mfanyakazi mpya, na ndiyo atakayoishika mteja akija kuomba picha zake, maana sheria inampa mhusika haki ya kupata taarifa zake. Mlangoni abandike tangazo linalosomeka, kwa Kiswahili: "Eneo hili linarekodiwa na kamera kwa ulinzi wa mali na wateja. Picha hufutwa baada ya siku 14. Kwa maswali piga namba hii." Sentensi hizo tatu zinabeba kusudi, muda na mtu wa kuwajibika, ilhali mabango mengi niyaonayo yana picha ya kamera tu na neno la kutisha.

Fundi naye afanye mambo manne kabla ya kulipwa. Azibe kwa kivuli sehemu ya picha inayoangukia dirisha la jirani. Mashine nyingi zina uwezo huo kwenye menyu, hautumiki tu. Aweke siku za kufuta kulingana na karatasi, si kulingana na diski. Aifunge saa kwenye intaneti ijirekebishe yenyewe. Abadilishe nenosiri la kiwandani, kisha kila mtumiaji apewe lake, ili mashine iweze kuonyesha nani aliingia lini. Jambo la nenosiri si dogo. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na mashine nyingi za kurekodia duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn hata tovuti kubwa za Marekani zikashindwa kufunguka. Kamera ya dukani yenye nenosiri "admin" inaweza kumwonyesha mgeni aliye upande wa pili wa dunia saa unayohesabu mauzo. Picha zikivuja, Kenya inakupa saa 72 kumwarifu Kamishna. Nchini Tanzania Tume inapaswa kuarifiwa mapema iwezekanavyo.

Kampuni za ulinzi na wenye majengo wawe na mkataba wa maandishi. Mwenye duka aliyepanga kwenye jengo lenye kamera za mwenye nyumba anapaswa kujua nani anamiliki picha za korido yake, na mkataba useme walinzi hawana ruhusa ya kurekodi skrini kwa simu zao. Muuzaji wa kamera inayotunza picha kwenye seva za nje ya nchi aulizwe seva hizo ziko wapi, kwa kuwa kusafirisha taarifa nje kuna masharti yake. Polisi wakihitaji picha, wapewe bila kuzungushwa, lakini kwa maandishi: kipande cha muda husika tu, jina na namba ya afisa, namba ya jalada, na saini mbili. Kisha nakala halisi ihifadhiwe isifutwe mpaka shauri liishe, hata kama siku 14 zimepita, kwa sababu sasa ina kusudi jipya linalojulikana.

Kwa Tume na Kamishna nina ombi moja la vitendo. Mwenye duka hatasoma sheria yenye vifungu zaidi ya 60, lakini atasoma ukurasa mmoja uliomo ndani ya boksi la kamera. Uandikwe mwongozo mfupi wa Kiswahili wenye mfano wa tangazo, mfano wa karatasi ya kusudi na fomu ya kukabidhi picha polisi. Kisha mafundi, ambao ndio wanaoingia kila duka, wafundishwe kuujaza pamoja na mteja na kuuambatanisha na risiti. Mpaka hilo lifanyike, mteja anaweza kuanza mwenyewe: asimlipe fundi mpaka amwonyeshe, kwenye skrini, siku za kufuta zimewekwa ngapi na jinsi ya kutoa nakala yenye tarehe na saa sahihi.